Helga Anayekula Mtandao Wetu

Hii usiitume kabla hujaisoma yote. Ukishaimaliza utamjua mwenyewe wa kumtumia. Mimi nilianza na yule aliyeshika nywila ya waifai nyumbani kwetu, na hadi sasa hajanijibu.

Katika mji wa Iringa, pande za Kihesa, palikuwa na hosteli ya wanafunzi wa chuo. Ilijulikana kwa jina la mwenye nyumba, Mama Kikoti. Vyumba vimezunguka ua, bomba liko katikati, na mbele kuna kibaraza cha kuotea jua, maana baridi ya kule haina mzaha. Wanafunzi walichanga wakanunua ruta, kile kiboksi kinachorusha waifai, wakakiweka chumba cha kati ili kila mtu afikiwe. Chumba hicho kilikuwa cha kijana aitwaye Gwakisa.

Basi Gwakisa ndiye akashika nywila. Wenzake wakamwita Mfalme, kwa utani tu. Ila mtu ukimwita Mfalme asubuhi na jioni, kuna siku ataanza kuitika bila kucheka.

Mwanzoni alikuwa mfalme mwema. Kupitia simu yake aliweza kuona majina ya simu zote na laptopu zote zilizoungwa kwenye ruta, na kila moja inavuta kiasi gani. Aliweza pia kumpimia kila mtu fungu lake la kasi. Akagawa sawasawa, watu wakaridhika.

Kisha akagundua jambo. Aliyemnyima sukari jana, leo simu yake inaweza kutambaa kama konokono, na hakuna wa kumuuliza. Akajaribu mara moja. Akajaribu tena. Hakuna aliyelalamika, ila zamu yake ya kuosha masufuria ikaanza kufanywa na watu wengine.

Walimwogopa. Si kwa ngumi, maana Gwakisa alikuwa mwembamba na mwenye mafua ya kudumu. Walimwogopa kwa sababu siku hizi kazi za darasani, matokeo, hata mitihani mingine, vyote vinapita kwenye kile kiboksi.

Mmoja tu hakujipendekeza kwake. Huyo aliitwa Sauli, wa chumba cha mwisho karibu na choo. Hakuwa na kiburi, alikuwa mkimya tu, na tena alikuwa na mzigo wake. Alifeli somo moja, akawa anangoja sapu, yaani mtihani wa marudio, ambao ungefanyika kwa mtandao siku ya Alhamisi saa kumi jioni. Akishindwa huo, anadisko. Anafukuzwa chuo, anapanda basi la Ludewa kwenda kumweleza mama yake. Hofu ya safari hiyo ilimfanya Sauli hata ugali usimshuke.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, mtandao ukaanza kukwama. Video hazifunguki, sauti zinakatika, kurasa zinazunguka tu. Gwakisa akaangalia majina kwenye ruta. Aliyajua yote, isipokuwa moja lililoandikwa kwa herufi kubwa: HELGA.

Akamwita rafiki yake Lugano, ambaye fungu lake la kasi lilikuwa nono kuliko la wengine, nadhani unaelewa kwa nini.

"Helga ni nani?"

Lugano akakodoa macho kwenye simu. "Hapa hatuna Helga. Labda jirani."

"Jirani yetu ni mzee wa kanisa mwenye simu ya tochi."

HELGA alikuwa anakula kuliko hosteli nzima ukiijumlisha pamoja. Gwakisa akatoka kibarazani, akawaonyesha wenzake. Akawaonyesha na jina lake, Gwakisa, lililokaa chini kabisa na kakiasi kadogo. "Mnaona wenyewe," akasema. "Mfalme wenu natumia kidogo kuliko nyote. Sisi tunakonda, kuna mtumiaji hewa ananenepa."

"Helga ni jina la Kijerumani," mmoja akasema. "Na si mnajua mjini kuna makaburi ya Wajerumani."

Wakacheka. Lakini siku hiyo giza lilipoingia, kila aliyekwenda chooni alitafuta wa kumsindikiza.

Kesho yake Gwakisa akabadilisha nywila. Hakumwambia mtu, hata Lugano. Akafunga mlango, akaiingiza nywila mpya kwenye vitu vyake mwenyewe, akakaa kitandani na simu mkononi kuangalia nani atatokea. Likatokea jina la kwanza: Gwakisa. Kabla hajavuta pumzi, likatokea la pili.

HELGA.

Nywila ile hakuiandika kwenye karatasi wala hakuitamka. Ilikuwa kichwani mwake tu. Sasa huyu ameipata wapi? Akageuka kuangalia dirisha, akavuta pazia, akabaki ameshika pindo lake kwa muda.

Alipowapa wenzake nywila mpya na kuwasimulia, mmoja akamwambia, "Mzuie basi. Si kuna sehemu ya kumzuia mtu?"

"Asimzuie," Lugano akadakia. "Ukimzuia atajua tumemwona. Atabadilisha jina, na hapo tutamtafuta kwa jina gani? Mwache hivyohivyo tumnase."

Wote wakaona ana akili. Wakapanga zoezi la uhakiki. Kila mtu alete simu yake na laptopu yake kibarazani, zizimwe zote mbele ya macho ya watu. Atakayebaki hewani ndiye mwizi.

Mkeka ukatandikwa, vifaa vikapangwa, vikazimwa kimoja baada ya kingine. Gwakisa alisimama mbele na simu yake, maana ndiye mkaguzi. Laptopu yake aliiacha chumbani. Ilikuwa katikati ya kushusha tamthilia, sehemu baada ya sehemu, kazi iliyokuwa ikiifanya tangu Jumatatu, na hakutaka kuikatiza. Hakuna aliyesema kitu. Nani angemwambia Mfalme aende kuleta yake?

Kilipozimwa cha mwisho, Gwakisa akaangalia simu. Yalibaki majina mawili, lake na la HELGA.

Jua lilikuwa linawaka vizuri, lakini watu walijikunyata ndani ya makoti yao kana kwamba limechwa.

"Nani hayupo hapa?" Lugano akauliza.

Hayupo Sauli.

Wakaenda kugonga mlango wake. Waligonga mno ndipo akafungua, macho mekundu, vidude vya sauti vikining'inia shingoni. Mezani palikuwa na laptopu imefunguliwa.

"Kwa nini hukutoka kwenye uhakiki?" Gwakisa akamuuliza.

"Nilikuwa nasikiliza somo nililoshusha, kaka, mtandao nimezima. Sikuwasikia."

"Na unatetemeka nini?"

"Naogopa mtihani."

Watu wakatazamana. Mtu mkimya, aliyejifungia, na anatetemeka. Walitaka ushahidi gani zaidi? Palepale Gwakisa akaizuia simu ya Sauli na laptopu yake. Jioni ile Gwakisa akafunga laptopu yake, akaenda na Lugano kwenye banda la video kuangalia mpira. Alipochungulia simu aliporudi, HELGA hakuwepo.

"Si nilikwambia?" akasema Lugano.

Usingizi wa Gwakisa ukawa mtamu siku hiyo. Jumatano asubuhi akafungua laptopu yake kuendelea na tamthilia, na baadaye kidogo akachungulia tena yale majina. HELGA amerudi, na njaa yake ileile.

"Kapata njia nyingine," watu wakanong'ona. "Huyu Sauli si mtu wa kawaida." Tangu hapo Sauli akipita kwenda bombani, waliokuwa wanachota maji walisogea pembeni na kuacha ndoo zao.

Alhamisi mchana, Sauli akaja mlangoni kwa Mfalme. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kwendea chuoni, ingawa mtihani ulikuwa wa kufanyia chumbani.

"Kaka Gwakisa, nimekuja kukuomba. Nifungulie leo tu. Mtihani wangu ni saa kumi. Nikimaliza, nizuie tena, sitasema neno."

"Mtaje HELGA, nitakufungulia."

"Simjui."

"Basi na mimi sijui namna ya kukufungulia."

Sauli akasimama pale. Alitazama taa ndogo za ruta zilizokuwa zinapepesa juu ya kabati, karibu kiasi cha kuzigusa. "Kaka, nikidisko mama yangu hatanielewa. Sina namna nyingine."

Sasa nikuambie ukweli kuhusu Gwakisa. Hakuwa na roho mbaya sana. Alikuwa anaogopa. Alijiambia kwamba akimfungulia Sauli, HELGA atamaliza kila kitu, na watu watasema Mfalme ameshindwa. Akatikisa kichwa. Sauli akabeba laptopu yake kwenye begi la mgongoni, akatoka getini kwenda kutafuta mtandao kwenye duka la fotokopi lililo juu barabarani.

Gwakisa alimsindikiza kwa macho hadi akapotea. Akarudi chumbani, akajilaza, akaendelea na tamthilia yake huku nyingine zikishuka. Ilikuwa inakaribia saa kumi alipochukua simu kuangalia majina, akitegemea kukuta amani.

HELGA alikuwepo.

Akaketi wima. Sauli ameondoka, na begi lake, na laptopu yake, na simu yake. Amemwona kwa macho yake mwenyewe. Kama si Sauli, basi aliyemo humu ni nani?

Aliinama akachungulia uvungu wa kitanda. Akafungua kabati, akasukuma nguo. Alijua ni upuuzi, lakini hakuweza kujizuia. Kisha hofu ikapita kipimo, akasahau ushauri wote wa Lugano, akabonyeza neno moja mbele ya jina lile: Zuia.

Tamthilia ikasimama.

Mtu aliyekuwa anaongea kwenye laptopu akaganda, mdomo wazi. Gwakisa akaitazama laptopu. Akatazama simu. Akamfungulia HELGA, na yule mtu akamalizia sentensi yake. Akamzuia. Akaganda tena.

Laptopu ile Gwakisa aliinunua mtumba, ilitoka Ulaya. Hakuwahi kujali inaitwaje, na kabla ya Jumatatu ilivuta kidogo tu, jina lake likapita bila kutazamwa. Siku zote aliamini kwamba jina lake kwenye ruta ni lile la simu, na laptopu imo humohumo. Sasa akatafuta kwenye mipangilio yake, vidole vikikosea herufi, hadi akafika pale panapoandikwa jina la kifaa. Mwanamke mmoja asiyemjua, wa nchi asiyowahi kufika, aliuza kompyuta yake bila kufuta jina lake.

HELGA alikuwa ni yeye.

Nje zikasikika kelele za furaha. Mtandao ulikuwa umefunguka kwa kila mtu, maana mlaji mkubwa amezuiwa. "Mfalme kamnasa," mmoja alisema. Lugano akaingiza kichwa mlangoni, anatabasamu. "Umeona? Sauli katoka tu, mambo safi. Njoo unywe chai."

Gwakisa angesema wakati ule. Midomo ilifunguka kabisa. Lakini aliwaona wote kibarazani wanamngoja, wamemwekea kiti na kikombe, akaogopa kicheko chao kuliko kitu chochote duniani. Akatoka. Akakaa. Akapokea sifa. Chai ilimchoma ulimi, na saa kumi ikapita akiwa na kikombe mkononi.

Mtu mmoja akasema, "Huyo Sauli akirudi, tumwambie Mama Kikoti amtoe."

Wote wakaitikia. Ndipo Gwakisa akaweka kikombe chini, akainuka bila kuaga, akatoka getini anakimbia na ndala.

Alimkuta Sauli ameketi kwenye ngazi za duka la fotokopi. Duka lilikuwa limefungwa, mwenye duka amekwenda msibani. Sauli alikuwa ameiweka laptopu magotini na simu juu ya begi, akijaribu kutumia mtandao wa simu ambao pale ni wa kukata na kurudi. Alipomwona Gwakisa alijikinga na mkono, kama mtu anayengoja kofi.

"Nimefanya nini tena?"

"Hujafanya kitu. Ni mimi. Helga ni laptopu yangu. Chukua mtandao wangu, chukua simu yangu, chukua."

Simu ya Gwakisa ilikuwa ya kampuni nyingine inayoshika vizuri pale, na bando zuri la intaneti. Waliunganisha haraka, ukurasa wa mtihani ukafunguka palepale, safi, bila kuzunguka. Katikati yake palikuwa na sentensi moja: Muda wa kuingia kwenye mtihani huu umekwisha.

Sauli akaisoma. Akaifunga laptopu taratibu, akaikumbatia.

Walirudi hosteli. Kibarazani walikuwa bado wanakunywa chai. Gwakisa akasimama mbele yao, pale aliposimama siku ya uhakiki, akawaambia yote. Alikiri kwamba HELGA ni laptopu yake, kwamba aliiacha chumbani wakati wao wanazima za kwao, na kwamba amekunywa chai yao huku anajua.

Alingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Wengine waliinamisha vichwa, na hilo lilimwogopesha zaidi.

Lugano akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ya uhakiki. Nilihesabu vitu vya kila mtu mkekani, nikaona laptopu yako haipo. Nikaelewa. Nikaogopa kusema, ungenipunguzia kasi."

Mwingine naye akajikohoza. "Hata mimi niliona haipo."

"Na mimi," akasema wa tatu, akiwa anatazama kikombe chake.

Sauli alikuwa bado amesimama na begi mgongoni. Akawatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mlikuwa mnajua," akasema, "mkasogeza ndoo zenu."

Kesho yake walikwenda naye wote kwa mwalimu anayesimamia mitihani, wakajieleza. Aliwasikiliza hadi mwisho. "Mngekuja jana mchana, hata mmoja wenu tu," akawaambia, "ningeusogeza mtihani. Leo mmeniletea ukweli uliokwisha muda wake." Kwa sababu ya maelezo yao Sauli hakudisko, ila ilimpasa akae nyumbani hadi mtihani wa mwakani. Jumamosi akapanda basi la Ludewa na godoro lake. Gwakisa alilibeba hadi stendi, na Sauli akamwachia alibebe, lakini hakumpa mkono.

Siku hizi ruta ya Mama Kikoti iko ukumbini, na kila mtu anaona nani anakula nini. Gwakisa anaosha masufuria. Laptopu yake hakuibadilisha jina. Walimfungulia Sauli, na nywila hawakuibadilisha tena, ile ambayo simu yake inaikumbuka, ili siku akipita getini tu ijiunge yenyewe kabla hajaomba. Kila jioni Gwakisa anaangalia yale majina, analitafuta moja. Mwaka unakaribia kwisha, na anaogopa kwamba halitatokea.

Funzo: Ukimtafuta anayekula fungu la wenzako, weka na sahani yako mkekani ikaguliwe pamoja na za wengine, na ukiujua ukweli ukanyamaza kwa kuogopa kupunguziwa fungu lako, ujue kuna mtu asiye na kosa anayebeba begi na kuondoka kwa sababu ya ukimya wako.